Marahaba Haichachi

Rehema mjukuu wangu, na nyinyi wenziwe mnaosoma mkimchungulia begani: juzi nilipiga simu nikasikia upepo. Nilitaka kuuliza habari za muhogo tu, kama umeshang'olewa. Ukapokea mara moja, "Shikamoo bibi!" na nyuma ya sauti yako pikipiki inanguruma, upepo unachapa kwenye simu kama mtu anapepeta mchele. Nikakuuliza uko wapi. Ukanijibu kwa raha zako, "Niko njiani naenda Mwera, bibi, simu nimeibana ndani ya helmeti!"

Nikakata. Nadhani ulisema salio la bibi limekwisha. Halikwisha. Nilikaa palepale jikoni juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, nikamkumbuka Kombo.

Basi leo nimeshika kalamu. Mwandiko wangu ni wa ngumbaru, yale masomo ya watu wazima tuliyosomeshwa jioni tukiwa na watoto mgongoni, kwa hiyo kila herufi inakwenda na njia yake. Mtanivumilia. Nataka kuwaambia habari za kazi yangu, na habari za Kombo, na neno moja alilolisema mama yake ambalo nataka Rehema alibebe kila anapowasha hiyo pikipiki.

Nyinyi mnanijua bibi wa kukaa barazani. Pale Bweni, ng'ambo ya mto, watu wazima hadi leo wananiita Mama Chaji. Pangani mjini umeme ulikuwapo, lakini sisi wa ng'ambo tulikuwa tunautazama tu usiku unavyometameta kwa wenzetu. Simu zilipoanza kuingia, mwenye simu Bweni alikuwa kama mwenye ng'ombe asiye na majani. Miye nikapata mabetri ya gari. Nayapakia kwenye mkokoteni, navuka nayo kwa pantoni, yanajazwa umeme mjini, narudi nayo kibandani kwangu karibu na gati. Hapo sasa kila mtu analeta simu yake nimlishie. Na asiye na simu anakuja kupiga au kupigiwa kwenye ile yangu.

Kazi hiyo nilifundishwa na Fundi Paulo Mhina, fundi redio, Mshambaa aliyeteremka na baba yake kuja kufanya kazi ya mkonge na asipande tena milimani. Alikuwa mtu wa kanisani, mpole, anaongea taratibu kama anayehofia kumwamsha mtoto. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, hili betri lina maji ndani, na maji haya hayana undugu na mtu. Usiinamie ukifungua vizibo. Usikae nalo karibu na jiko. Yakikurukia, maji ya kawaida, mengi, mwaga usichoke."

Nikaitikia, "Nimesikia, fundi," nikaendelea kulibeba nimeliegemeza tumboni kama mtoto. Jioni nikiikunjua kanga, imetoboka kama chujio. Ilikuwa kanga mpya, ya jina. Asidi ililila lile jina likabaki nusu. Rafiki yangu Bi Tatu, aliyekuwa akikaanga mihogo pembeni yangu, alicheka mpaka akaacha mihogo iungue. "Mwanahawa, fumbo ulilovaa halina mwisho! Sasa unayemsema atajuaje kama ni yeye?"

Bi Tatu naye msimwone hivyo. Yake yalikuja.

Nyinyi hamkuiona ile miaka ya shida, tulipokuwa tunaigawa sabuni kwa uzi na kupanga foleni bila kujua mbele kunagawiwa nini. Mawe ya redio, hizi betri za duara, yalikuwa adimu kuliko nyama. Jiwe likichoka hutupi. Unalianika juani juu ya bati, jioni linarudisha kisauti kidogo, mnasikiliza taarifa ya habari, mnazima. Wengine waliyang'ata kwa meno. Wengine waliyaweka kando ya jiko. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yetu ya umeme, na ilitusaidia, siwezi kuitukana.

Kisha biashara zikafunguliwa, vitu vikaja, mitumba, redio za rangi rangi, na mwisho simu. Vitu vilibadilika, sisi tukabaki na mikono ileile. Bi Tatu alipata simu kutoka kwa mwanawe aliye Tanga, Usagara. Chaji ilipomwishia hakuileta kwangu. Akaitoa betri akaianika juu ya bati, pamoja na dagaa.

Akanijia saa za alasiri anatamba. "Leo sikuhitaji. Nimeipa jua la kushiba, itakaa wiki."

Nikaitazama. Imevimba kama andazi.

Tukaipeleka kwa Fundi Paulo. Hakucheka mbele yake, Mungu amrehemu, aligeuka akajifanya anatafuta bisibisi. Kisha akailaza ile betri juu ya meza, akaizungusha kwa kidole. Ikazunguka, ikazunguka, kama pia. "Umeona, Bi Tatu? Betri nzima imelala bapa, haizunguki. Ikizunguka ina tumbo. Ikiwa na tumbo, usiichaji, usiitoboe, usimpe mtoto achezee. Inaweza kuwaka. Betri ya simu ni kitu cha kivulini."

"Na dagaa wangu niliowaanika nayo?" Bi Tatu akauliza.

"Hao kale tu."

Tangu siku hiyo sikupokea betri kibandani bila kuizungusha kwanza. Simu zenu za siku hizi betri imefungiwa ndani, hamwezi kuizungusha, lakini mnaweza kutazama. Mgongo wa simu ukianza kuinuka, kioo kikianza kuachana na fremu, hilo ni tumbo lilelile. Ipelekeni kwa fundi. Na hii tabia yenu ya kulala na simu inachaji chini ya mto, jamani! Betri ikichaji inatoa joto, na joto linataka kutoka. Wewe umelifunika kwa mto wa sufi na kichwa juu. Chajini mahali pa wazi, juu ya sakafu au meza, na ikiwa ya moto msiiweke sikioni. Subirini ipoe, kama mnavyosubiri uji.

Nilitaka pia kusema habari ya wanawake kuweka simu kifuani, maana hiyo ilikuwa benki yetu na posta yetu. Kama ina madhara ndani ya mwili, wenye elimu yao wanazungumza, miye siwezi kuamua. Ninachokijua ni jasho. Simu zilizotoka vifuani zilikuwa zinafika kwangu zimeota kutu, na kifua cha mwenyewe kimetoka vipele. Tieni mkobani.

Na ikiingia maji, zimeni. Msiiwashe kuijaribu, msiiweke jikoni. Bi Tatu alidondosha yake mtoni akaambiwa aifukie kwenye mchele. Akaifukia nzima nzima, haikuzimwa, kwenye debe, akasahau. Mumewe yuko jikoni peke yake anasikia debe linalia. Alitoka nje akasema, "Mke wangu, mchele unakuita."

Haya. Nimecheka, sasa niseme.

Kombo Hamadi alikuwa Mpemba, mkwezi wa minazi. Alikuja Bweni kijana, akaoa palepale, na hapakuwa na mkwezi aliyempita. Anajitia kamba miguuni, panga kiunoni, na kabla hujamaliza kumsalimu yuko kileleni anaangua. Mama yake, Bi Mize, alibaki Pemba, kijiji cha ndani kule upande wa Wete. Miaka mingi walisikilizana kwa salamu za wasafiri tu. Mtu anakuja na chombo, anasema, "Mamako mzima, anakusalimu," basi imetosha mpaka msimu mwingine.

Kisha jirani yake Bi Mize akapata simu. Simu ya kwanza ya Bi Mize ilikuja kwangu kibandani. Nikamtuma mtu mbio shambani, Kombo akateremka mnazini akaja anahema, jasho linamtiririka, anafika tu, imekatika. Na huwezi kumpigia, maana simu si yake. Bi Mize alikuwa akitembea kwenda kuiomba kwa jirani, na jirani akiwa safarini na simu imesafiri. Nilimwona Kombo akiishika simu yangu sikioni muda mrefu wakati hakuna kitu ndani yake.

Akasema, "Mama yangu hatanipigia tena nikakosekana."

Akanunua ya kwake. Akaitungia kamba akaivaa shingoni kama hirizi, mlio wake jogoo. Watu wakawa wanasema Bweni kuna jogoo anayewikia mnazini.

Nikamwambia, "Kombo, unapopanda iache kwangu. Mama akipiga nitampokea."

"Utampokea, Mama Chaji, najua. Na shikamoo yake utaitoa wewe?"

Nyinyi mnajua. Mkubwa akikuita huwezi kumnyamazia, na shikamoo haitumwi kama kifurushi. Niliinamisha kichwa nikaendelea kuunga waya zangu. Ndivyo tulivyolelewa sote, na simu ilipokuja hatukuibadilishia adabu. Mzazi akipiga, hata kama mkono uko kwenye mafuta ya moto, unapokea.

Ilikuwa asubuhi, minazi ya nyuma ya kibanda changu. Nikasikia jogoo kawika juu. Nikasikia Kombo anacheka kwa furaha, anasema, "Mama! Shika..."

Kisha makuti. Kisha kishindo.

Alikuwa ameuachia mkono mmoja kuishika simu, na huo mwingine aliushikilia kwenye kole kavu, kile kikonyo cha shada la nazi. Kole likakatika.

Kilichomwokoa ni lundo la makumbi, maganda ya nazi. Tulipofika amelala juu yake amefumba macho, mguu umekaa vibaya, damu inatoka kichwani. Wanaume wakataka kumwinua wamtie kwenye baiskeli. Bi Tatu akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwake, "Msimwinue! Msimkunje! Leteni ubao!" Alikuwa amefundishwa na Nesi Agnes, kule kliniki ya hospitali ya mjini. Wakaung'oa mlango wa kibanda changu, wakamsogeza juu yake taratibu, kichwa na shingo vimeshikwa visitikisike. Gatini wakapunga kanga, na nahodha wa pantoni alipowaona aliondoka upande wa pili bila kungoja gari hata moja.

Miye nilibaki nyuma kidogo, kwa sababu makumbi yalikuwa yanaongea.

Nikafukua. Simu imevunjika mgongo, lakini ina uhai. Nikaiweka sikioni.

"Kombo? Kombo wee! Nena basi, nakusikiliza."

"Mama," nikasema, "ni miye Mwanahawa, Mama Chaji wa Bweni."

"Kombo yuwapi? Kaniamkia nusu."

"Ameanguka, mama. Alikuwa mnazini. Anapumua, wanamvusha kwenda hospitali."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Miye nilijua saa hizi yupo chini anakula," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mwambie hivi. Mwambie mamako kasema hakuitikii. Hakuitikii mpaka uje uimalize shikamoo yako. Umenisikia, mwanangu Mwanahawa? Mwambie sikioni. Kombo tangu mdogo hawezi kuacha kitu nusu."

Nikavuka, nikamwambia sikioni. Hakuonyesha kama kasikia.

Siku zikapita Kombo yu vilevile, anapumua, hafumbui macho. Daktari alikuwa anatujibu kwa upole, na ule upole ndio ulionitia hofu. Mkewe anakaa mchana kutwa, miye nikiyavusha mabetri napitia hapo. Kila alasiri, Bi Mize anatembea mpaka kwa jirani yake anapiga. Namwambia, "Bado, mama. Anapumua." Naye anajibu, "Haya. Nami bado ninayo." Ana maana ile marahaba. Hakulia hata siku moja, lakini kila siku sauti yake ilikuwa kama imetoka mbali zaidi.

Siku Kombo alipofumbua macho aliomba maji. Cha pili akaigusa shingo yake, akitafuta kamba.

Nikaichomoa simu. Fundi Paulo alikuwa ameifunga mgongo kwa mpira wa baiskeli. Nikataka kumwekea sikioni, Nesi Agnes akaudaka mkono wangu.

"Mama, hiyo imetoka wapi?"

"Kifuani kwangu."

"Na kabla ya hapo?"

"Sokoni. Pantoni. Kwa fundi."

"Ilete." Akachukua pamba na spiriti, akaifuta mbele, nyuma, kwenye vitufe, akifanya haraka na vizuri. "Kichwani ana kidonda kibichi. Simu ni mkono, mama, tena mkono usionawa. Sasa shika wewe, mbali kidogo na bandeji. Sauti itamfika."

Hilo nalo lichukueni. Futeni simu zenu. Mnatoka nazo kila mahali, hata mahali nisipotaka kupataja, kisha mnawapa watoto watie mdomoni.

Alasiri ikafika, na jogoo akawika wodini. Wagonjwa wote wakageuka. Nikabonyeza, nikasema, "Mama, subiri," nikaisogeza.

Kombo akalowesha midomo. Akaanza, akashindwa. Akapumzika. Kisha akasema, neno linatoka kipande kipande, "Shi-ka-moo, mama."

Ng'ambo ya bahari Bi Mize akaachia kilio alichokuwa amekizuia siku zote hizo. "Marahaba," akasema. "Marahaba mwanangu. Marahaba, marahaba, marahaba..." na aliendelea hivyo hivyo mpaka salio la jirani likakata. Nesi Agnes alikuwa dirishani anakunja pazia lililokwisha kunjwa.

Kombo hakupanda tena. Mguu ulipona na kilema. Akaja kukaa nami kibandani, na yeye ndiye aliyepigilia ubao wa misumari. Kila mkwezi akija asubuhi anaitundika simu yake kwenye msumari wake ndipo anakwenda kupanda. Ikilia, Kombo anapokea kwa niaba: "Yuko mnazini. Akishuka atakuamkia mwenyewe."

Msidhani ilikuwa rahisi. Wazee waliona ni dharau. Kuna mmoja, Mzee Rajabu, baba wa mkwezi mmoja, alikuja mwenyewe na bakora. "Tangu lini mwanangu ananiwekea karani?"

Aliyelimaliza jambo hilo ni Bi Mize. Siku hiyo Kombo alikuwa anaongeza maji kwenye betri, amevaa mipira ya mikono na miwani, jogoo akawika. Nilimwona akiitupia jicho simu. Lakini hakuacha. Alimaliza, akafunga vizibo, akavua mipira, akanawa kwa sabuni, akajifuta. Simu ilikwisha nyamaza zamani. Akampigia yule jirani, akaomba apewe mama yake. Mzee Rajabu yupo, amekaa kwenye benchi na bakora yake, anasikia yote.

"Shikamoo mama. Niwie radhi, uliponipigia nilikuwa na asidi mkononi."

"Marahaba. Radhi ya nini tena?" Bi Mize alikuwa na sauti kubwa siku hizo, simu haikuweza kuizuia. "Kwani marahaba ni tui, ikikaa itachacha? Marahaba haichachi, Kombo. Nipokee ukishanawa. Nipokee ukishashuka. Hata kesho nipokee. Nusu ndiyo siitaki tena masikioni mwangu."

Mzee Rajabu akaitazama bakora yake. Akasimama. Pale mlangoni, ule mlango uliombeba Kombo, akageuka akaniambia, "Mwanangu akishuka mwambie nilikuwa nauliza hali tu." Kabla ya mwezi kuandama, Bweni nzima wazee walikuwa wanaambizana, haichachi, haichachi.

Bi Mize amekwenda mbele ya haki. Kombo yupo, anakamua mafuta ya nazi, na jogoo wake mpaka leo anawika kwenye simu mpya.

Sasa Rehema. Nikikupigia uko barabarani, usinipokee. Usiibane simu helmetini, usichungulie nani anapiga, usipunguze mwendo kwa mkono mmoja. Acha ilie. Ukifika, simama kando, zima pikipiki, vua helmeti, ndipo unipigie. Sitanuna. Sitasema mjukuu wangu kaota pembe. Nitajua kwamba mikono yako yote miwili iko panapotakiwa, na nitaendelea kukuna nazi yangu kwa amani.

Najua utakachoniuliza, maana una mdomo kama wa Bi Tatu. "Na je, bibi, kama siku hiyo ndiyo ya mwisho kunipigia? Nikakuta huitikii tena?"

Nimelifikiria hilo hapa jikoni. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Ikitokea hivyo, simama kando ya njia, sema shikamoo yako yote mpaka mwisho, halafu fungua karatasi hii usome hapa chini, kwa mwandiko wangu mbaya wa ngumbaru:

Marahaba, Rehema. Marahaba mjukuu wangu. Umeshaitikiwa. Endesha taratibu.